Pipa Lililotoka kwa Desimir

Kijijini Drenovik hakuna aliyemsema Desimir, fundi wa matrekta, kama Radisav alivyomsema. Hakumsema kwa chuki, la hasha. Walikuwa majirani wa ua kwa ua, na walikuwa wakinywa kahawa pamoja tangu enzi zile wote wawili wana nywele kichwani. Ila Radisav alikuwa na mdomo, na mdomo wa Radisav haukuumbwa kwa ajili ya kulia mkate tu.

"Fundi gani huyu?" angesema mbele ya duka, watu wakimsikiliza. "Ana mapipa ya oili chafu yamejaa pomoni. Ukimwomba kopo moja tu la kupaka nguzo za uzio, anakukazia macho utadhani umemwomba mke!"

Na hakuwa akisingizia. Kwenye vilima vile oili chafu ilikuwa na kazi zake tangu enzi za baba zao. Walipaka nguzo zisioze. Waliitia kwenye misumeno ya injini. Wakati wa theluji wapo walioichoma kwenye jiko la bati, moshi ukatoka mweusi tii, nguo zote zikanuka gereji, nao wakakaa humo wanakohoa na kusifia joto. Lakini kwa Desimir hutoki na hata tone. Oili iliyotoka kwenye injini iliingia kwenye pipa lake, pipa likafungwa, na lori la kampuni ya kuichakata lilipopanda mlima lilikuta kila kitu kimepangwa.

Mwaka ule Radisav alikwenda kumwomba mwenyewe, maana alikuwa anamwoza binti yake Rajna na alitaka uzio upendeze.

"Jirani, kopo moja tu," alisema. "Harusi hiyo, siyo ya kwangu peke yangu. Na wewe utakula."

"Hapana," alisema Desimir, bila hata kuinua kichwa. Alikuwa amezigeuza filta kuukuu juu ya chujio, zinajichuruza taratibu. "Nguzo zako ziko juu ya kisima chako. Mvua ikinyesha inakwenda wapi?"

"Gvozden kapaka zake miaka yote, na bado yu hai."

"Gvozden anakunywa maji lini?"

Radisav akacheka, hakuweza kujizuia. Kisha akaonyesha pipa la bluu lililokuwa peke yake kwenye kona, mbali na mengine. "Na hilo mbona umelitenga? Limekukosea nini?"

"Hilo ni la tina ya kuyeyushia rangi na dawa ya kusafishia breki. Haikai na oili." Hapo Desimir alisimama wima na kufuta mikono, maana ukimgusa kwenye mapipa yake umemgusa kwenye dini. "Sikiliza, Radisav. Oili chafu siyo takataka. Imechoka tu. Wanaichemsha, wanaisafisha, inarudi kuwa oili tena, inaingia kwenye injini nyingine. Lakini kikombe kimoja cha dawa hii kikianguka humo, pipa zima wanalikataa."

"Samaki mmoja akioza."

"Umesema kweli. Ila samaki utamnusa. Huyu wakati mwingine humnusi."

"Mimi?" Radisav alijigonga pua. "Pua hii?"

Pua ile ilikuwa na sifa zake, tusimnyime haki. Radisav ndiye aliyekuwa bingwa wa rakia, pombe kali ya plamu, na mtambo wake wa shaba ulikuwa ukiheshimiwa bonde zima. Akinusa glasi anakwambia plamu ziliokotwa kabla ya mvua au baada yake, na kama mwenye nazo alikuwa mvivu. Basi akaondoka bila oili, akimsema Desimir njia nzima. Lakini moyoni, na hili asingelitamka hata kwa kupigwa, alimstahi. Sakafu ya gereji ile ungeweza kuilalia na shati jeupe. Matambara machafu yalikaa kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko. Radisav, aliyekuwa anasugua mtambo wake mpaka anajiona uso ndani ya shaba, alimjua mwenzake alipomwona.

Basi plamu zikaiva. Mwaka uliotangulia baridi iliyaunguza maua ya miti, na hakuna aliyepata kitu. Pipa la akiba la Radisav lilikwisha kabla ya Pasaka. Mwaka huu matawi yalikuwa yanavunjika. Radisav alifurahi mpaka akawa anaimba akioga. Kwa nini asifurahi? Drenovik ukimwoza binti, rakia ya harusi inatoka kwenye miti yako na mtambo wako. Ya dukani ni aibu, na ya kuazima ni aibu zaidi. Tena kabla ya harusi lazima mwaliko upite nyumba kwa nyumba na chupa ya mbao iliyopambwa maua. Kila anayealikwa anapiga funda moja langoni kwake, na hapo ndipo anajua nyumba inayomwita ni ya namna gani. Baba wa bibi harusi anaonjwa na kijiji kizima kabla hajamwoza mtu.

Plamu zilikuwa nyingi, mapipa machache. Hilo nalo lina desturi yake: msimu wa plamu, pipa la bluu likiwa tupu na limesimama nje, ni la atakayelihitaji kwanza. Unaita langoni, kama hakuna mtu unalichukua, na ukilirudisha unaweka chupa ndani. Hakuna aliyewahi kuita huo wizi. Radisav alikwenda kwa Desimir na kuita. Kimya. Desimir alikuwa kapanda kilimani kumfufulia mtu trekta. Pembeni mwa gereji palikuwa na pipa la bluu limepinduliwa juani, tupu, halina mfuniko. Radisav, aliyejua kwamba lile la dawa hukaa ndani kwenye kona, akalibingirisha mpaka kwake huku anapiga mluzi, akalisuuza kwa maji ya moto, akasuuza tena, mpaka mkewe Milunka akamuuliza kama anataka kuoga humo.

"Limetoka kwa fundi," alisema. "Ngoja nihakikishe."

"Kwa fundi huyo? Pipa lake ni safi kuliko sahani zangu."

Akatumbukiza pua ndani. Hakusikia kitu. Akamwaga plamu, akafunika, zikaanza kuchemka zenyewe kama kawaida.

Siku ya kukeneka, yaani kuchemsha na kukinga pombe, ilipofika, Radisav alimwaga mapipa yote kwenye pipa moja kubwa la mbao na kukoroga, kwa sababu alitaka harusi nzima inywe ladha moja. Gvozden alikuwa amekwisha kukaa kwenye gogo karibu na mtambo tangu asubuhi. Huyu alikuwa mzee mjane wa nyumba ya chini, mtu wa kuonja kila mtambo unapowaka, chupa yake ndogo mfukoni kama itatokea ajali ya kukosa. Mchana matone ya kwanza yakatoka kwenye bomba. Radisav akamwaga ile inayotangulia, maana hiyo si ya kunywa, kisha akakinga kiganjani, akasugua viganja, akanusa.

Akafumba macho.

"Gvozden."

"Naam."

"Ina utamu ambao sijawahi kuusikia. Inanukia... kama pea iliyoivia mtini. Mwaka huu plamu zimejitia manukato!"

"Mungu kampenda binti yako," alisema Gvozden, na kunyoosha glasi.

"Tulia wewe. Ipoe kwanza."

Rajna akaja na chupa ya mbao aliyoipamba mwenyewe kwa maua na nyuzi nyekundu, maana binamu yake alikuwa atoke nayo kesho yake kualika. Radisav akaijaza mpaka shingoni, akamwambia bintiye, "Harusi yako wataisimulia mpaka wajukuu zako." Hajamaliza kusema, lango likagongwa mpaka likaruka, akaingia Desimir.

Alikuwa na matope mpaka magotini, na mkononi ameshika mfuniko wa bluu uliochorwa alama nyekundu ya fuvu la kichwa. Hakusalimia. Desimir, asiyepita mbele ya mbwa bila kumwambia habari za mchana!

"Amekunywa mtu yeyote?" aliuliza.

"Kwanza salamu, jirani, halafu..."

"Radisav! Kuna mtu amekunywa?"

"Bado," alisema Gvozden kwa huzuni, glasi bado mkononi.

Desimir akashusha pumzi, akakaa chini palepale kwenye majani, akaweka mfuniko magotini. Akaeleza kwa maneno machache. Lori lilikuja asubuhi. Alipokuwa anawapa mapipa alikuta mfuniko huu hauna pipa lake. Pipa lile lilikuwa la tina na dawa ya breki miaka mitatu. Alilimimina kwenye jipya, akaliweka juani likauke ili alitoboe matundu lisitumike tena. Ndipo akaitwa kwenye lile trekta la kilimani, na aliporudi akasahau kutoboa.

"Alama niliichora kwenye mfuniko," alisema. "Kwenye mfuniko, mjinga mimi! Pipa lenyewe sikulichora. Mwezi wa plamu, pipa la bluu, nje. Mtoto mdogo angejua litakwenda wapi."

"Lakini nililisuuza," alisema Radisav. "Kwa maji ya moto. Nilinusa."

"Plastiki inaifyonza. Maji hayaitoi. Ila plamu zikianza kuwa pombe, pombe inaivuta."

Radisav, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, badala ya kuogopa akakasirika. "Maneno! Pua yangu imekuwa hapa tangu asubuhi. Hii ni rakia bora niliyokeneka maishani. Inanukia pea!"

"Inanukia tamu?"

"Tamu, ndiyo!"

Desimir akafumba macho kama mtu aliyepigwa kofi. "Dawa ya breki ndiyo inayonukia tamu, Radisav."

Hapo Gvozden akaweka glasi chini, mbali naye, kwa ncha za vidole.

Radisav hakukubali. Alikataa kwa mdomo, kwa mikono, alikataa kwa kuzunguka mtambo wake akiupigapiga kama ng'ombe anayetaka kuuzwa. Desimir hakubishana. Alimwomba Milunka jiko la gesi la jikoni na Radisav kipande cha waya wa shaba, na kwa sababu shaba haikosekani kwenye nyumba ya mtambo, vikaletwa. Dereva wa lori, alisema, hupima hivi kabla ya kukubali pipa: mwali ukigeuka kijani, dawa ya breki imo. Akauchoma waya mpaka mwali ukawa wa bluu mtupu, akauacha upoe, akauchovya kwenye chupa ndogo ya Gvozden, yenye rakia yake ya nyumbani, na kuurudisha motoni. Bluu. Akauchoma tena, akaupoza, kisha akauchovya kwenye rakia ya harusi.

Mwali ukawaka kijani. Kijani cha kung'aa, kizuri, cha kutia uchungu.

Milunka akajishika mdomo. Radisav akamnyang'anya Desimir waya, akafanya yote mwenyewe tangu mwanzo, na mwali ukamjibu vilevile.

"Nitamwaga nyingi zaidi ya ile inayotangulia," alisema kwa sauti ndogo. "Nitakeneka mara ya pili. Ya tatu."

"Huwezi kujua umeitoa yote. Hata waya ukinyamaza, ndani kulikuwa na tina pia, na tina waya hauioni."

"Pipa moja kati ya mengi, Desimir. Imechanganyika. Kila mtu atapata tone la tone. Watu wamekunywa mabaya zaidi ya hayo katika nchi hii, na wamezaa."

"Wamekunywa bila kujua."

"Basi na hawa hawatajua! Nani anajua? Wewe, mimi, na Gvozden, na Gvozden haaminiwi na mtu."

"Kweli kabisa," alisema Gvozden.

Desimir akainuka. Hakuwa mrefu, lakini wakati ule alionekana kama kaziba lango zima. "Nitakwambia nitakalofanya. Siku ya harusi nitavaa suti yangu, nitasimama mlangoni kwako, na kila atakayeingia nitamwambia usinywe. Utanifukuza, nitasimama barabarani. Utanipiga, nitawaambia nikiwa chini. Halafu Radisav, umechelewa. Wanajua."

"Wanajua nini? Nani kawaambia?"

"Mimi. Unadhani nimetokea wapi na matope haya? Sikujua nani kalichukua. Nimegonga kila nyumba Drenovik. Kila nyumba nimesema: mimi Desimir nimeacha pipa la sumu nje, onyesha mapipa yako, usikeneke, usionje. Kwako nimemalizia, kwa sababu nilisema moyoni, si Radisav, Radisav ana pua."

Radisav alimtazama. Desimir, ambaye miaka yote kijiji kilimcheka kwa mapipa yake, naye akavumilia kwa sababu alikuwa na jambo moja tu la kujivunia, kwamba halijatoka tone kwenye ua wake! Mtu huyo kapita mlango kwa mlango kulivunja jina lake kwa mdomo wake mwenyewe. Angeweza kuukata mfuniko vipande na kunyamaza. Nani angejua? Watu wangeumwa matumbo na vichwa, wangesema ni nyama ya nguruwe. Radisav alilielewa hilo lote kwa mara moja, na bado hasira ikamshinda, kwa maana hasira haina adabu. Akakamata ndoo iliyojaa rakia na kuelekea kijito kilichopita nyuma ya nyumba.

"Basi iende! Iende yote shetani ainywe!"

Desimir akamwahi. Akaishika ndoo kwa mikono miwili, na wakavutana, watu wazima wawili wenye vitambi, rakia ikimwagikia viatu vyao.

"Siyo huko! Kijito kinapita kwa Gvozden, kinapita kwa kila mtu!"

"Ni yangu! Nitamwaga nitakapo!"

"Siyo yako tena. Imeharibiwa na pipa langu, sasa ni yangu. Nipe, Radisav. Nipe, ndugu yangu. Nitaibeba mimi."

Lile neno ndugu ndilo lililomvunja. Radisav aliiachia ndoo, akakaa kwenye gogo la Gvozden, akalia. Alilia wazi, mbele ya mkewe na binti yake, kwa ajili ya miti ya baba yake iliyozaa kuliko mwaka wowote, na kwa ajili ya Rajna atakayeolewa na meza tupu. Rajna alikaa karibu naye akamshika mkono. Hakumwambia "usilie, baba", na alifanya vizuri.

Alasiri yote walibeba. Desimir alileta mapipa mapya, safari hii yamechorwa fuvu ubavuni, kifuani, kila mahali, Gvozden akasema yanafanana na kanisa, picha kila ukuta. Walimimina rakia kwa faneli, kisha plamu zilizobaki. Mtambo waliuosha, na maji ya kuoshea nayo Desimir akayakinga, akakamua hata tambara. Lile pipa la mbao, alilorithi Radisav kwa babu, Desimir alilitazama na kutikisa kichwa, naye Radisav akalisukuma mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni. Alimwangalia jirani yake akifunga kila mfuniko, akiujaribu kwa kidole, akifuta ukingo, bila haraka, bila kuruka hata kimoja, na aibu yote ile mabegani mwake. Radisav alifikiri: hivi ndivyo kazi inavyofanywa. Hata mimi sijawahi kuifanya kazi yangu hivi.

Jua halijazama Desimir akarudi na trekta, na nyuma yake tela. Ndani ya tela mlikuwa na chupa. Chupa ndefu, chupa fupi, chupa za maji ya madini, moja yenye umbo la farasi, zote zimejaa rakia, zote zina vumbi.

"Hizi ni nini?" aliuliza Milunka.

"Watu," alisema Desimir, akikuna shingo. "Nikimkazia mtu nati, hataki kuondoka bila kuacha chupa. Mimi tumbo langu haliwezi, mnajua. Nikaziweka tu. Miaka mingi."

Radisav akafungua moja, akanusa. "Hii ya Gvozden. Mwaka wa mafuriko." Nyingine. "Hii ya yule mjane wa nyumba za juu, anaweka majani ya mnanaa, sijui nani kamdanganya." Nyingine tena, akainusa mara mbili. "Hii yangu."

"Ulipovunjikiwa na ekseli."

"Ni nzuri," alisema Radisav.

"Sijui. Sijaionja."

Radisav akairudisha ndani ya tela. "Hapana, Desimir. Moyo wako nimeuona. Lakini harusi ya binti wa Radisav kwa rakia za watu? Watanicheka mpaka kaburini."

"Na wacheke!" alisema Milunka, aliyekuwa amevumilia siku nzima. "Unamwoza binti au unaioza rakia? Leo kuna mtu kapita kijiji kizima akichekwa ili wewe usiue wageni wako, na wewe unaogopa kuchekwa na Gvozden!"

"Mimi sicheki," alisema Gvozden. "Nina kiu tu."

Waliijaza chupa nyingine ya mbao, aliyoiazima Rajna kwa rafiki yake, maana ile ya kwanza ilikwenda kwenye pipa la fuvu pamoja na maua yake. Asubuhi binamu akatoka kualika. Kabla kahawa haijapoa alikuwa amerudi, chupa imejaa vilevile. Nyumba ya kwanza walisema wana dawa za presha. Ya pili walifunga lango. Ya tatu bibi alijifanyia ishara ya msalaba na kusema Rajna awe na furaha, yeye ataomba kanisani.

"Niliwaambia si ile," alisema binamu. "Waliniambia, ndiyo, ndiyo."

Rajna hakulia. Aliingia ndani na kuanza kupasi kitu ambacho kilikwisha kupasiwa. Radisav akasikia pasi ikipita na kurudi, kupita na kurudi. Akaivaa kofia yake, akachukua chupa, akaenda ua wa pili.

Desimir alikuwa anatoboa pipa. Alikuwa analitoboa matundu mengi kuliko inavyohitajika.

"Weka hicho chini," alisema Radisav. "Vaa suti. Utanialikia watu."

Desimir akamtazama asielewe. "Mimi? Radisav, usinitanie leo. Anayealika ni ndugu wa bibi harusi. Mimi ndiye niliyekuharibia."

"Wewe ndiye uliyekuja."

"Watanipigia kelele."

"Wakupigie. Mimi nina pua, nikanusa sumu nikaiita pea. Nikiwaambia leo hii ni safi, nani ataniamini? Sijiamini mwenyewe. Lakini wewe ukimwambia mtu wa Drenovik kunywa, atakunywa. Kwa sababu jana ulikwenda mpaka mlangoni kwake kumwambia asinywe."

Desimir akageuka kutafuta tambara la kufutia mikono, na alikaa na tambara lile usoni kwa muda mrefu kuliko unavyohitaji kufuta grisi.

Wakaenda wote wawili, Desimir mbele na suti iliyombana, Radisav nyuma kidogo. Nyumba ya kwanza mwenye nyumba alisimama langoni, mikono kiunoni.

"Kuna nini humo, fundi?"

"Kuna yako ya mwaka juzi, nilipokutengenezea pampu," alisema Desimir. "Kuna ya Gvozden, na ya Radisav ya zamani. Nimeipima kwa waya, na kila chupa naijua nani kaileta. Kesho kutwa Jumapili, Rajna wa Radisav anaolewa, mnaitwa wote." Kisha yule mtu mwenye tumbo lisiloweza akainua chupa ya mbao na kunywa yeye kwanza, funda zima, uso ukamwiva.

Mwenye nyumba akamtazama akikohoa. Akautazama uso ule mwekundu muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Halafu akanyoosha mkono.

"Kama ni wewe, lete," alisema. "Tuishi!"

Akanywa, akamwita mkewe naye akanywa. Nyumba ya pili, presha ilikuwa imeshuka. Ya tatu, bibi alirudi mbio kutoka karibu na kanisa. Kila lango Desimir alikunywa kwanza, hakukubali kuruka hata moja ingawa Radisav alimsihi, na kila lango waliuliza kitu kilekile, ni wewe uliyeijaza? naye akajibu ni mimi. Walipofika nyumba za juu Radisav alikuwa amemshika kwapani, maana miguu ya fundi ilikuwa imeanza kwenda kila mmoja kwake, na Desimir alikuwa anamweleza, kwa sauti ya kusikika bonde zima, kwamba kuchora mfuniko hakutoshi, ni lazima mtu achore na pipa lenyewe.

"Nimesikia, ndugu yangu," alisema Radisav. "Sema tena, na hawa wasikie." Akagonga lango lililofuata.